Biko: wali mtamu wa kunata wa Wafilipino, na latik yake juu

Kama umewahi kukaa nyumba moja na Wafilipino huku Ghuba basi biko unaijua hata kama jina hulijui. Ni kile kitu cha kahawia kinachong'aa, kimekatwa vipande vya mraba, juu kina chenga chenga za nazi zilizokaangwa, kinaletwa kwenye kontena la plastiki siku ya bethdei ya mtu na kabla hujauliza ni nini kimeshaisha. Mimi nilikaa Dubai, Satwa, chumba kimoja watu sita, wanne Wafilipina, na yule mkubwa wao ambaye sote tulimwita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha yao, ndo alonifundisha kuipika.

Sasa mimi ni mtu wa Tanga, nazi nimezaliwa nayo, nimekua nikiambiwa kaa hapo koroga tui lisikatike. Siku ya kwanza namwona Ate kaweka tui jikoni kaliacha linachemka mpaka limekatika kabisa, mafuta yameelea juu, nikamkimbilia, Ate unaliharibu! Akacheka tu. Kumbe alikuwa anatengeneza kitu ambacho bibi yangu alikiita shata, yale masimbi yanayobaki chini ukipika mafuta ya nazi, sie watoto tulikuwa tunayagombania kwa vidole kwenye sufuria ya moto. Wenzetu wameyapandisha cheo wakayaweka juu ya sherehe.

Kabla ya kuwasha jiko, mambo mawili matatu ya kujua. Wafilipino wana ukoo mzima wa vitu vitamu vya mchele na wanauita kakanin, jina linatokana na kanin, ambayo ni wali. Humo ndani kuna suman (wa kufungwa kwenye majani na kupikwa), kuna palitaw, kuna sapin-sapin ya rangi rangi, kuna puto bumbong ya zambarau wanayouza nje ya makanisa alfajiri ile ya misa za kuelekea Krismasi, tarehe 16 mpaka 24 Desemba. Biko ndo rahisi kuliko zote kwa sababu husagi unga, hufungi jani, huna haja ya oveni. Wanaipika kwenye fiesta za mji, bethdei, siku ya kukumbuka marehemu tarehe 1 Novemba, na usiku wa mwaka mpya, maana wanasema kitu cha kunata kinaifanya familia inate pamoja na bahati isikuteleze. Jina nalo linabadilika ukihama mkoa, kusini mwa kisiwa cha Luzon kama Batangas utasikia sinukmani, kaskazini kwa Wailokano inaitwa inkiwar.

Halafu latik. Hapa nimeshuhudia ugomvi jikoni kwa macho yangu. Ate ni mtu wa Batangas, kwake latik ni zile chenga za nazi zilizokaangwa. Mwenzake mmoja katokea Cebu, visiwa vya Visayas, kwake latik ni ile shira nzito ya tui na sukari, na hizo chenga sijui anaziitaje maana kila akitaka kusema Ate anamkatiza. Ukiangalia mapishi mawili ukaona hayaendani ujue ndo hapo. Mimi nafuata ya Ate, nilikuwa nalala kitanda cha chini yake.

Mchele ndo kila kitu

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza kupika mwenyewe nilichukua basmati iliyokuwepo kabatini nikasema mchele ni mchele. Nilichopata ni wali wa nazi wenye sukari nyingi, punje moja moja zinakimbizana kwenye sahani, hata kisu hakikuwa na cha kukata.

Unatakiwa mchele wa kunata, Wafilipino wanauita malagkit, maana yake ni hiyo hiyo ya kunata. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Mchele wetu wa pilau una amilosi ya kutosha ndo maana unachambuka, huu wa kunata amilosi karibu hamna, ni amilopektini tupu, ukiiva unashikana wenyewe. Na mtu asikutishe kwamba una gluteni kwa vile unanata, hauna, ni mchele kama mchele mwingine.

Kuutambua ni rahisi sana ukishaonyeshwa. Mimina punje kidogo kiganjani kisha chungulia kwenye mwanga: mchele wa kawaida unapitisha mwanga kidogo kama kioo chenye ukungu, huu wa kunata ni mweupe pee kama chaki, hauonyeshi kitu. Wa Kifilipino mara nyingi punje zake ni fupi nene, wa Kithai ni mrefu, wote wanafaa. Ghuba utaupata duka lolote la Kifilipino, ukiwa Dar au Nairobi jaribu maduka ya Kichina, kwa Kichina unaitwa nuomi. Mchele wa sushi sio huu, unanata nusu, ukikosa kabisa unaweza kuutumia ila usije ukasema biko sio tamu.

Mahitaji

Hii ni ya trei moja ya wastani, vipande kama 16, watu 8 wa kawaida au Wafilipina wanne na mimi.

Mchele wa kunata vikombe 2. Nazi 3 zilizokomaa, au tui la kopo (nitalisema chini, lina masharti). Sukari ya kahawia kikombe 1 na nusu, na kama una sukari guru ndo utamu wenyewe, kule kwao wanatumia muscovado ambayo ni mtoto wa mama mmoja na sukari guru, ikwangue kwanza ndo upime. Chumvi nusu kijiko cha chai. Majani mawili ya mrampe, hawa wanayaita pandan, yafunge fundo. Jani la mgomba la kutandika. Tangawizi kipande cha kidole ukipenda, wa Visayas wanaweka, Ate haweki, mimi naweka Ate akiwa hayupo.

Nazi zikune kwenye mbuzi kama kawaida, mwaga maji ya vuguvugu kikombe 1 na nusu, finya, chuja kwenye kifumbu upate kasimile vikombe 2 hivi. Weka pembeni. Rudia machicha kwa maji mengine upate tui la pili vikombe 2 na nusu. Usichanganye haya mawili, kila moja lina kazi yake.

Kama unatumia kopo soma pale nyuma. Makopo na maboksi mengi yametiwa vitu vya kushikilia tui lisitengane, gamu gamu hivi, sasa wewe shida yako ndo kutaka litengane. Nimewahi kukaa dakika 50 na tui la boksi linachemka tu, limekuwa uji mzito wa kahawia na halijatoa hata tone la mafuta. Tafuta kopo ambalo limeandikwa nazi na maji basi, na liwe lile zito, sio lililopunguzwa mafuta. Kopo la mililita 400 utalitumia lote badala ya kasimile, na kopo la pili changanya na maji kiasi kidogo liwe tui la pili.

Hatua ya 1: loweka

Osha mchele mara tatu nne mpaka maji yawe angavu, taratibu, punje zake zinavunjika. Loweka saa moja kwa uchache, ule wa Kithai mrefu nauacha usiku kucha. Ukiloweka vizuri punje ukiibana na kucha inakatika bila ubishi. Chuja kabisa maji yote.

Hatua ya 2: latik

Wakati mchele umelowa anza hii maana haitaki haraka. Kasimile kikombe 1 mimina kwenye kikaango kipana, moto wa kati. Litachemka na kutoa mapovu makubwa, koroga mara moja moja. Baada ya hapo linakuwa zito, na kama ulivyozoea utajisikia vibaya pale linapoanza kukatika lakini liache, hapa tui linatakiwa likatike. Punguza moto. Mafuta yanatoka pembeni kwanza, halafu katikati, na katikati ya mafuta kuna chenga nyeupe zinaogelea.

Toka hapo usiondoke. Simu weka mfukoni. Koroga ukikwangua chini, chenga zitatoka nyeupe ziende maziwa, ziende rangi ya chai ya maziwa, ziende dhahabu, na kati ya dhahabu na kuungua kuna kama sekunde 30 tu. Sikiliza pia, mwanzo inachemka kwa sauti kubwa kwa sababu kuna maji, maji yakiisha sauti inashuka inabaki kuchirizika kidogo kidogo, ukisikia kumetulia ndo rangi inakuja mbio. Epua zikiwa dhahabu changa, sio kahawia, kwa sababu zitaendelea kuiva ndani ya mafuta yake hata jiko limezimwa. Chuja hapo hapo kwenye chujio la chai. Kikombe kimoja kitakupa chenga vijiko vitatu vinne vya chakula, ndo hivyo, kidogo kwa kazi yote ile. Mafuta usimwage, tunayahitaji na yananukia balaa.

Hatua ya 3: pika mchele

Mchele uliochujwa weka sufuriani au kwenye rice kuka, mimina tui la pili kikombe 1 na nusu, chumvi, majani ya mrampe. Hili tui ni jepesi halishiki chini kirahisi, ila kama ni jiko la kawaida moto uwe mdogo na ufunike. Dakika 15 hadi 20. Unataka uive asilimia 90 hivi, ukitafuna moyo wa punje uwe umelainika ila bado unajitambua. Ukiuivisha mpaka ukawa bokoboko utapata bokoboko la sukari.

Kwa nini usiweke sukari humu humu ukamaliza kazi? Niliuliza swali hilo hilo. Ate akasema jaribu. Nikajaribu, mchele ukagoma kuiva, nimeongeza maji, nimeongeza moto, punje nje zimelainika ndani kuna mchanga, kwa sababu sukari inagombania yale maji na mchele na sukari inashinda. Mchele kwanza uive, sukari ije baadaye.

Hatua ya 4: shira

Kwenye sufuria nzito, pana, au karai (hapa usitumie vile visufuria vyepesi, utajuta) weka kasimile iliyobaki kikombe 1, tui la pili lililobaki kikombe 1, sukari yote, tangawizi kama unaweka. Moto wa kati, koroga mpaka sukari iyeyuke halafu acha ichemke dakika 10 mpaka 15 ukikoroga koroga. Itakuwa ya kahawia inayong'aa, mapovu yanakuwa mazito yanapasuka polepole. Chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwa mwiko, ukiona umeacha njia na shira haijairudia, tayari. Ikiwa bado majimaji usiwe na haraka ya kutia mchele, shira nyepesi ndo sababu kubwa ya biko ya watu wengi kutokuganda.

Bakisha vijiko vitatu vya shira kwenye kibakuli, tutaipaka juu.

Hatua ya 5: songa

Sasa ndo kazi. Toa majani ya mrampe, mimina mchele kwenye shira, punguza moto, chukua mwiko wa mbao wa kusongea ugali sio kijiko. Mwanzo utaona kama umeharibu, mchele madonge upande huu, shira upande ule. Bonyeza madonge, pindua kutoka chini, bonyeza, pindua. Usikoroge kwa fujo kama uji, punje zitasagika, tunataka zionekane bado. Dakika 10 hadi 15, mkono utauma, kuna dakika nilikuwa nabadilishana na mwenzangu, na ukisimamisha tu kupumzika chini kunashika.

Imefika pale ambapo donge zima linaachia ukuta wa sufuria ukilisukuma, mwiko unasimama wenyewe sekunde mbili tatu kabla ya kuanguka, na unaanza kuona mafuta yanang'aa pembeni. Kama unajua halua inavyoachia sufuria basi ni hapo hapo. Ukiepua kabla itakuwa tamu vilevile lakini utaila kwa kijiko, haitasimama kipande.

Hatua ya 6: tandika

Hii ungeifanya mapema ila nimeisahau kuiandika kule juu. Jani la mgomba lifute kwa kitambaa kibichi, lipitishe juu ya moto wa gesi haraka haraka, utaliona linabadilika rangi palepale moto unapopita, kutoka kijani iliyofifia kwenda kijani iliyokolea yenye kung'aa, na linalainika kama kitambaa. Usipolipitisha moto litapasuka ukilikunja. Kwao kwenye sherehe wanatandika kwenye bilao, ambayo si kitu kingine ni ungo, ungo wetu huu huu wa kupepetea, duara la biko limejaa ungo mzima wanalibeba kichwani au kwenye paja ndani ya gari. Trei ya oveni inatosha. Huku jani linauzwa la barafu kwenye maduka ya Kihindi na ya Kifilipino, likiyeyuka nalo lipitishe motoni.

Paka jani yale mafuta ya latik. Mimina biko ikiwa ya moto, tandaza kwa mgongo wa kijiko ulichopaka mafuta, unene wa vidole viwili. Paka ile shira ulobakiza juu, nyunyiza latik. Kama una oveni unaweza kuweka shira nyingi zaidi juu na kuichoma mpaka ifanye madoadoa, hapo sasa unaelekea kwenye bibingkang malagkit, binamu yake.

Acha ipoe yenyewe saa moja mbili. Kisu kipake mafuta yale yale, kata kwa kubonyeza chini moja kwa moja, usikeketue kama unakata mkate, itavutika.

Ikiharibika

Imekuwa ngumu kama lami: shira ilipitiliza au umesonga sana. Nyunyizia tui vijiko viwili, funika, mvuke dakika 10. Imekuwa laini haishikani: rudisha yote karaini, songa tena moto mdogo, hamna aibu. Punje zina kiini kigumu na sukari imeshaingia: hapo pole, ongeza tui, funika moto mdogo kabisa na subira, inaokoka nusu. Latik imeungua: tupa, uchungu wake unaharibu trei zima, bora biko bila latik. Ukoko wa chini ya karai usiutupe, mwite mtoto.

Kuhusu kuweka, joto la Dubai au la Tanga siku moja mezani inatosha, ya pili nazi inaanza kuchacha. Friji inakaa siku tatu nne lakini inakuwa ngumu kama sabuni ya mche, kwa hiyo usiile imetoka kwenye friji, ipashe kwa mvuke au maikrowevu na kitambaa chenye maji juu. Latik hifadhi kwenye kichupa peke yake, ukiiacha juu usiku kucha inanyonya unyevu inalainika na ile kutafuna kru kru inapotea, nyunyiza siku ya kula.

Wenyewe wanaila saa kumi jioni kama kitafunwa, merienda wanaita, na kahawa. Ate alikuwa na kahawa yake ya barako ya kwao Batangas, kali, inatumwa na ndugu kwenye maboksi. Yule wa Cebu anakunywa sikwate, chokoleti nzito ya kukorogwa, na pembeni embe bivu, na hapo kiukweli alimshinda Ate, kitu kitamu vile kinataka embe lenye uchachu kidogo. Mimi nakula na kahawa chungu ya kwetu ya vikombe vidogo, isiyo na sukari, maana sukari yote imeshakaa kwenye sahani.

Nilivyorudi likizo nilipika nyumbani, kwa nazi za kukuna, na sukari guru, kwenye ungo wa mama, mchele tu ndo nilibeba kilo mbili kwenye begi. Mama akaonja latik peke yake kwanza, akatafuna, akaniangalia. Akasema hii si shata? Nikamwambia ndo yenyewe mama. Akachukua ingine.